Kukataa mazungumzo hakuwaokoi mateka



Niseme machache juu ya mateka wa vita vya Gaza.

Wapo ndugu wanaosema kwamba kujadiliana na mteka nyara ni kumwongezea mtaji. Hoja yao si ya kubezwa. Mwaka 2011 Israel iliwaachia wafungwa 1,027 ili impate askari wake mmoja, Gilad Shalit. Miongoni mwao alikuwamo Yahya Sinwar, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa Hamas huko Gaza wakati wa shambulio la Oktoba 7, 2023. Siku hiyo watu wapatao 1,200 waliuawa na 251 wakachukuliwa mateka. Kuteka raia ni kosa chini ya Mikataba ya Geneva ya 1949, na hakuna dhiki inayolihalalisha.

Lakini ndugu hao huhesabu bei ya kukubali tu, wakaiacha bei ya kuchelewa. Mei 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alitangaza mpango wa awamu tatu. Makubaliano ya Januari 2025, yaliyosuluhishwa na Qatar, Misri na Marekani, yaliufuata mpango huo kwa sehemu kubwa. Katikati ya miezi hiyo mateka sita waliuawa na watekaji wao handakini huko Rafah, na maelfu ya Wapalestina wakafa kwa mashambulizi. Hamas haikutaka kuachia kitu kilichoipa nguvu ya kudai. Nchini Israel mawaziri walitishia kujitoa serikalini endapo vita vingekomeshwa. Waliolipa zaidi ni waliokuwa mahandakini na waliokuwa mahemani.

Nasi Watanzania yametugusa. Vijana wetu wawili waliokwenda huko kujifunza kilimo waliuawa siku ile ya Oktoba 7. Mwili wa mmoja wao haukutolewa Gaza mpaka Novemba 2025, baada ya mapatano ya Oktoba mwaka huo.

Mfungwa aliyeachiwa anaweza kuchungwa. Mateka aliyekufa hafufuliwi. Kwa hiyo serikali yoyote yenye watu wake mikononi mwa adui ianze kuzungumza mapema. Bei iliyokataliwa mwanzoni ndiyo hulipwa mwishoni, ila wa kupokelewa wanakuwa wamepungua.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Iramba,
SINGIDA.