Mtoto Aliyeshiba Asiyeona Jioni

Mtoto mwenye njaa kila mtu humhurumia. Juma hili twataka kunena habari za mwingine, yule alaye bukari kila siku akashiba, na huku macho yake yapungua nguvu. Jua lishukapo hujikwaa penye vitu alivyovikwepa vema mchana. Majirani husema amerogwa. Kumbe mwili wake umepungukiwa na vitamini A.

Ni nani aliye hatarini? Kwanza mtoto aliyeachishwa ziwa. Maziwa ya mama yalimpa vitamini hiyo. Bukari ya mahindi meupe haina, wala ya muhogo mweupe. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye yumo vilevile, maana hugawa alicho nacho. Kisha mtoto mwenye surua: ugonjwa huo humaliza akiba iliyowekwa katika ini, hata wengine wapofuka. Ndiyo sababu waganga humpa vitamini A siku mbili mfululizo. Kuharisha mara kwa mara nako hupoteza chakula.

Hatari nyingine twaileta sisi wenyewe, na hii ndiyo ituudhiyo zaidi. Kongo yetu ina michikichi, na mawese mekundu yana asili ya vitamini A kuliko karibu vyakula vyote vya mimea. Ajabu gani basi kuona nyumba yauza mawese yote sokoni, wasibakize hata chupa moja! Tena wako wapikaji wayachomao mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, eti yapendeza. Rangi ile nyekundu ndiyo yenye faida. Ikitoweka, yabaki mafuta matupu.

Sombe, lengalenga na matembele yana nguvu hiyo pia, mradi chungu kipate mafuta kidogo, kwani pasipo mafuta mwili hauipokei vema. Embe na papai zilizoiva zafaa, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa.

Aliyeanza kujikwaa jioni asingojewe. Apelekwe hospitali upesi: upofu wa usiku huponyeka, lakini kioo cha jicho kikiisha kukauka na kutoboka, dawa haikirudishi. Tena watoto wa miezi 6 hata miaka 5 hupewa vitamini A mara mbili kwa mwaka. Siku hiyo ikitangazwa, enyi wazazi, kazi ya shamba na ingoje.