Wenye njaa waliokataa kuchukua kazi ya wenzao

Wafanyakazi wakigoma, mwenye kiwanda hahangaiki sana ikiwa inje ya mlango kuna watu wenye njaa wanaongojea nafasi. Ndugu msikilizaji aliyewahi kutafuta kibarua cha siku moja anaijua hesabu hiyo.

Katika mgogoro wa uchumi ulioanza mwaka 1929, hesabu hiyo iliumiza inchi nyingi. Kwetu Katanga, bei ya shaba ilipoanguka, Union Minière ilipunguza maelfu ya wafanyakazi. Kule Marekani, mwaka 1933, karibu mtu mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

Huko ndiko kilizaliwa chama kidogo cha mrengo wa kushoto, American Workers Party, mwishoni mwa 1933. Kiongozi wake, A. J. Muste, alikuwa mchungaji wa kanisa aliyezaliwa Uholanzi. Chama hakikuwa na feza wala nguvu bungeni. Kazi yake ya maana ilikuwa kuwakusanya wasio na kazi, wadai msaada wa chakula na kupinga familia kufukuzwa katika nyumba za kupanga.

Matunda yalionekana Toledo, jimbo la Ohio. Mwezi wa 4, 1934, wafanyakazi wa kiwanda cha vipuri vya magari, Electric Auto-Lite, waligoma. Kampuni ikaajiri wengine. Mahakama ikaamuru watu 25 tu wasimame kwenye kila mlango. Mgomo ulikuwa unakufa polepole.

Ndipo wasio na kazi wakaingia, na si kwa kuomba nafasi zile. Walimwandikia hakimu kwamba wataivunja amri yake, wakaivunja kweli. Viongozi wao walikamatwa, wakaachiliwa, wakarudi palepale mlangoni. Kufikia 23 Mei, maelfu ya watu walikuwa wamekizunguka kiwanda. Kesho yake askari wa jimbo walipiga risasi, watu 2 wakafa. Mwanzoni mwa mwezi wa 6 kampuni ilikubali sendika na kuongeza mshahara asilimia 5.

Haikuwa huruma tu. Mtu aliyesaidiwa kubaki na paa juu ya watoto wake anasikiliza anapoombwa asichukue mkate wa jirani. Chama kinachokuja na fulana wakati wa kura hakiwezi kuomba jambo hilo.

Wengine watasema kilikuwa kazi bure, maana kabla 1934 haijaisha kilikuwa kimeungana na wafuasi wa Trotsky na jina lake likapotea. Hapo wana haki. Viongozi waliingia katika mabishano ya mafundisho wakati watu wa Toledo walikuwa ndio kwanza wameona nguvu yao. Muste mwenyewe aliacha siasa hiyo mwaka 1936, akarudi kwenye imani yake na kazi ya amani. Sendika waliyoipigania pale mlangoni ilibaki.