TAHARIRI: Bia, mvinyo au “kinywaji kingine”? Mpakani panahitajika maana moja

Urwarwa, pombe ya ndizi ya Burundi, hubadilika jina kila inapobadilisha mikono. Kwa Kifaransa cha Bujumbura huitwa bia ya ndizi. Arusha, kinywaji cha aina hiyo kikishatiwa kwenye chupa huuzwa kama mvinyo wa ndizi. Katika nyaraka za forodha si bia wala si mvinyo. Mfanyabiashara asiyelijua hilo mapema hulijua akiwa Kobero, gari limesimama na gharama zinapanda.

Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki hupanga bidhaa kwa namba za mfumo wa kimataifa. Vinywaji viko Sura ya 22. Namba 22.03 ni bia iliyotengenezwa kwa kimea, 22.04 ni mvinyo wa zabibu, 22.06 ni vinywaji vingine vilivyochachushwa, na 22.08 ni pombe kali zilizokenekwa. Kinachoangaliwa ni malighafi na namna ya kutengeneza. Jina la kwenye lebo halitoshi. Kwa kuwa urwarwa hutokana na ndizi iliyochachushwa, mahali pake ni 22.06, hata kama chupa imeandikwa bia au mvinyo. Jedwali la Ushuru wa Forodha wa Pamoja huiweka hata Kibuku chini ya 22.06, ingawa wanywaji wake huiita bia bila kusita.

Kipimo nacho kina uzito wake. Kinywaji huhesabiwa kuwa hakina kileo iwapo kiwango cha pombe hakizidi asilimia 0.5 ya ujazo, kikipimwa kwenye nyuzijoto 20 za Selsiasi. Umutobe, yaani juisi ya ndizi, hupakiwa Bujumbura ukiwa juisi. Usipohifadhiwa vizuri, ukakaa siku kadhaa juani, huchachuka. Unapopita asilimia 0.5, sheria haiuoni tena kama juisi. Mwenye mali hajaongeza kitu wala hajadanganya, lakini karatasi aliyoshika haiusemi tena mzigo alionao.

Tofauti hizi ni fedha. Wafanyabiashara wengi huamini kwamba cheti cha uasili wa bidhaa hufuta kodi zote. Sivyo. Kwa bidhaa inayotimiza masharti, cheti huondoa ushuru wa forodha kati ya Nchi Wanachama. Ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani hubaki palepale, na kila nchi hupanga viwango vyake kwa maana zilizomo katika sheria zake. Kreti ileile inaweza kutozwa kiasi kimoja ikihesabiwa bia na kiasi kingine ikihesabiwa mvinyo. Mzigo wa Uvira kupitia Gatumba na ule wa Kigoma kupitia ziwani hukutana na vitabu viwili tofauti vya kodi, ingawa umetoka ghala moja.

Zaidi ya kodi, maana ya neno huamua kama bidhaa ni halali. Kenya iliipiga marufuku chang’aa kwa sheria ya mwaka 1980, kisha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ikaifuta sheria hiyo na kuiweka pombe hiyo chini ya leseni. Kifungashio pia huhesabiwa. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Pombe ileile iliyokubalika ndani ya chupa ilikataliwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Serikali zina sababu za msingi za kuwa makini. Pombe iliyokenekwa ovyo ikiwa na methanoli hupofusha na kuua, na familia nyingi katika ukanda huu zimezika watu kwa sababu hiyo. Udhibiti mkali wa afya si kosa. Kosa ni kumwacha mfanyabiashara agundue maana ya neno baada ya kukamatwa.

Jumuiya haianzi kutoka sifuri. Sheria yake ya viwango ya mwaka 2006 inazitaka Nchi Wanachama kukipitisha kiwango cha Afrika Mashariki ndani ya miezi sita na kuondoa cha kitaifa kinachogongana nacho. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007 na katika Umoja wa Forodha mwaka 2009. Kilichobaki ni kuhakikisha neno la kwenye kiwango, la kwenye sheria ya kodi na la kwenye fomu ya forodha lina maana moja.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi: jedwali moja la vinywaji, kwa Kiswahili, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, libandikwe katika kila kituo cha mpakani. Lionyeshe urwarwa, impeke, mbege, tonto na waragi ni nini kisheria, kwa namba gani na kwa kipimo gani. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya ukanda. Kazi hiyo ianzie hapa, maana hata neno mvinyo lina utata: wengine hulitumia kwa divai pekee, wengine huliita pombe kali pia.

Wakati jedwali hilo likisubiriwa, ankara iandike malighafi, namna ya kutengeneza, asilimia ya kileo na aina ya kifungashio. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya inamruhusu mfanyabiashara kuomba uamuzi wa awali kuhusu namba ya bidhaa kabla ya kusafirisha. Asiporidhika na uamuzi wa forodha, ana siku 30 za kuomba upitiwe upya.

Kampuni kubwa zina wanasheria wa kuzifuatilia haki hizo. Mama mwenye kreti kumi hana. Ofisi ya Mapato ya Burundi na wenzake wa nchi jirani wanapaswa kumwandikia yeye jedwali hilo, kwa lugha anayofanyia biashara.