Geti la tela nusura linimalize!

Juzi hapa Rujewa nimeponea chupuchupu. Tela la pawatila la mjomba lilichomelewa geti la nyuma, eti ukilishusha linakuwa daraja la kupandishia pikipiki. Geti lenyewe sentimita 90, sakafu ya tela iko sentimita 60 toka chini. Huo mlima au ukuta? Pikipiki ikanirudia kinyumenyume, ikanigonga kifuani. Wabeba mpunga wakacheka hao!

Nikalipeleka kwa fundi mwingine. Huyu bwana kiboko. Fremu ya chuma cha kona kaikata sentimita 180, mara tatu ya kimo cha sakafu, mteremko ukalala. Bawaba zote kazipitishia nondo moja zinyooke, kisha akazishika kwa nukta za moto, huku kidogo, kule kidogo. Ukichomelea upande mmoja mfululizo, chuma kikipoa kinavuta, geti linapinda, halifungi ng'o. Juu kaweka vipande vya nondo tairi lisiteleze, na pini mbili lisidondoke njiani.

Mjomba kaguna aliposikia bei. Nikafungua vifungo vya shati nikamwonyesha kifua. Akalipa.