Bunia: Kubofya ao kuandika amri? Umeme na mega ndivyo vinavyoamua

Kwa vijana wanaojifunza kutengeneza programu za kompyuta mjini Bunia, mara nyingi umeme hukatika ao mega huisha kabla kazi haijakamilika. Ndiyo maana swali la namna ya kutumia Git, chombo cha kutunza matoleo ya kazi kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, si la wataalamu peke yao: wabofye vitufe kwenye dirisha, ao waandike amri?

Dirisha linamsaidia anayeanza. GitHub Desktop, kwa mfano, inamwonyesha kwa rangi mistari aliyoongeza na aliyofuta. Lakini toleo lake rasmi ni la Windows na macOS tu. Mwenye kompyuta ya zamani inayotumia Linux anaachwa nje. Amri ni nyepesi: zinafanya kazi kwenye mashine dhaifu, na hata kwenye simu ya Android kupitia Termux.

Hatari kubwa iko kwingine. «git commit» inahifadhi kazi ndani ya kompyuta, bila intaneti. «git push» ndiyo inayotuma nakala kwenye seva, na hiyo inakula mega. Anayechanganya mambo hayo mawili anaamini kazi yake iko salama, kumbe iko kwenye mashine moja tu. Katika Ituri, ambako familia nyingi zimekimbia vita bila kubeba kitu, mashine ikipotea, kazi inapotea nayo.

Anayeanza anaweza kutumia dirisha, ila ajue amri hizo mbili. Na kila anaponunua mega, kazi yake itumwe kwanza.