Fundi, pima kwanza. Mathe si benki yako

Wacha mafundi wanikasirikie: fundi anayebadilisha spea kabla ya kupima hajatengeneza gari. Amecheza kamari, na pesa ni zako.

Mathe ana Corolla 110 ya 1998, manual. Ndiyo hubeba mboga zake kutoka Wakulima saa kumi alfajiri. Juzi ikaanza madharau. Leo inawaka mara moja, kesho anageuza ufunguo anasikia "tak!" moja, kisha kimya. Dakika kumi baadaye inawaka kama hakuna kitu kilitokea.

Fundi wa kwanza: "Mama, hiyo ni betri." Elfu tisa mia tano. Siku nne poa, ya tano, tak! Wa pili: "Stata imekufa." Ya mtumba, elfu sita. Wiki moja, tak! Wa tatu akaitisha altaneta. Hapo nikasema zii. Altaneta huchaji betri injini ikishawaka. Betri imejaa na gari inakataa kuwaka, sasa altaneta inahusika aje?

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata si magari nilikuwa nasomea. Nilinunua tu mita ya mia nane nikangoja. Jumamosi, tak! Betri: volti 12.6, imejaa. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha negative cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mathe akageuza ufunguo. Hapo isizidi nusu volti. Ilisoma zaidi ya 5! Moto ulikuwa unapotelea kwenye waya, haufiki kwa stata.

Tukafungua ile waya nene ya earth. Kutu ya kijani imejaa. Msasa, spana, kaza. Miezi mitatu sasa haijakataa hata siku moja. Elfu kumi na tano na mia tano zilienda bure, kwa sababu ya uchafu.

Najua mtasema shida ya kuja na kwenda ni ngumu kushika. Kweli. Ndiyo maana unauliza maswali, na maswali ni bure. Inakataa ikiwa moto au baridi? Taa zinafifia sana ukigeuza ufunguo? Anza na betri na vichwa vyake. Taa ziko kali na unasikia tak moja? Pima waya, halafu stata, maana shaba za ndani huisha kwenye stata za zamani. Kimya kabisa? Angalia swichi ya ufunguo na relei. Na kama ni automatic, jaribu kuwasha ikiwa N.

Lakini wasee, sisi pia tuko na makosa. Fundi akipima nusu saa apate ni waya imelegea, akiitisha elfu moja tunapiga kelele: "Si umekaza tu nati?" Akituuzia stata ya elfu sita tunasema asante. Tumewafundisha kwamba kujua hakulipi, kuuza spea ndiko kunalipa.

Kwa hivyo lipa mtu akupimie. Na kabla hujatoa pesa ya spea yoyote, uliza swali moja: "Umepima nini, na imesoma ngapi?" Akikosa namba, chukua ufunguo wako uende.