Radi Zisizohesabiwa

Kiswahili kimeligawa jambo moja katika majina matatu, na mgawanyo huo una hekima. Umeme ni nuru ionekanayo. Ngurumo ni sauti isikikayo. Radi ni pigo lishukalo juu ya mti, nyumba, mnyama au mtu. Lakini wako walioongeza jina la nne ambalo halimo mawinguni: mtumaji. Radi ikiua, huulizwa papo hapo nani kaituma, na jibu humwangukia mara nyingi mzee maskini, hasa mjane, asiye na wa kumtetea. Katika Tanzania wazee wamepoteza maisha kwa shutuma za uchawi. Basi jambo hili si la kuchekewa.

Dhidi ya shutuma hiyo yuko shahidi anayedharauliwa bila haki, naye ni mpiga picha wa ridhaa. Yasemwa kwamba mtu akeshaye Katonga, kamera yake ikielekea Ziwa Tanganyika, hupoteza usingizi kwa mchezo wa kitoto. Wasemao hivyo hawajaitazama kazi yake. Katonga ni mwalo wa wavuvi wa dagaa, katika Kigoma. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa zake, na katika miezi ya mvua umeme huwaka upande wa magharibi, juu ya maji na milima ya Kongo. Mpiga picha huisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, akaliacha jicho lake wazi kwa sekunde nyingi, kisha akalifunga. Yote yaliyowaka katika muda huo hubaki katika picha moja: taa za wavuvi zikitikiswa na mawimbi, na radi zote zilizopiga mbele yake, moja kando ya nyingine.

Hapo ndipo hoja ilipo. Uvumi huihesabu radi moja iliyoua. Picha huzihesabu na zile zisizoua. Radi tano zilizopiga maji matupu zilitumwa na nani, kwa adui gani? Setilaiti iliyohesabu umeme wa nchi za joto tangu 1998 hadi 2013 ilionyesha kwamba karibu na Kabare, kaskazini ya ziwa hilo katika Kongo ya mashariki, umeme humweka zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba, kiasi kisichopatikana penginepo katika Afrika. Wachawi wa dunia nzima wangekusanyika hapo, wasingeimaliza kazi hiyo.

Atatokea mpinzani na methali: lisemwalo lipo. Methali hiyo ni njema kwa achunguzaye, ni mbaya kwa ahukumuye. Hata jicho husema lisilokuwapo. Wachoraji wa Ulaya walichora umeme kama meno ya msumeno, mpaka William Jennings wa Philadelphia alipoupiga picha mwaka 1882, ukaonekana una matawi kama mto. Jicho liliamini kwamba nuru yote hushuka. Basil Schonland na wenzake walionyesha kwa kamera, huko Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwamba mkondo hafifu hutangulia kushuka kwa hatua, kisha nuru kubwa hupanda kutoka ardhini. Ikiwa macho ya watu wote yalikosea, ulimi wa jirani mwenye chuki utaaminiwaje?

Yasemwa tena kwamba picha haiondoi imani, kwani mkaidi atadai kuwa mchawi alikosa shabaha. Ni kweli kwa mkaidi. Lakini wakaidi ni wachache. Walio wengi ni wenye hofu ambao hawajaonyeshwa kitu kingine. Na aaminiye kuwa radi hutumwa humtafuta mtumaji, haitafuti kinga. Mwaka 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda. Shule huhitaji waya wa kinga uliozikwa ardhini, haihitaji mganga.

Hata hivyo mpiga picha naye ana la kulaumiwa. Wako wasimamao mchangani peupe, au wapandao mtumbwi, ili wasifiwe ushujaa. Mvuvi huikabili tufani kwa ajili ya riziki. Kumwiga kwa ajili ya sifa ni upuuzi. Ngurumo ikisikika, hatari imekwisha kufika. Picha na ipigwe kutoka ndani ya nyumba imara, au iwe ya tufani ya mbali ambayo sauti yake haisikiki. Tena picha isiyo na tarehe, saa na upande wa dira ni pambo. Haiwezi kumtetea mtu. Iliyo nayo yaweza kuthibitisha kwamba, usiku ule ule wa shutuma, radi zilipiga ziwa mara nyingi pasipo kumlenga yeyote.

Aliyesoma akanyamaza, mjane akishutumiwa, hana udhuru. Picha hizo zitundikwe katika shule za Kigoma na Ujiji, na mwalimu aionyeshe kila radi iliyopiga maji, awaulize watoto: hii ilitumwa kwa nani?